Uwanja Ulioota Majani

Sehemu ya saba

Nondo ile ilikuwa na ncha nyekundu.

Tamimu aliisugua kwa kidole gumba akidhani ni kutu. Haikuwa kutu. Ilikuwa rangi, rangi ile ile aliyoinunua mwenyewe Kigoma mjini, akawaagiza mafundi wachovye ncha ya kila nondo ya paa la jukwaa ili isije ikachanganywa na nondo za msingi.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, msomaji wangu. Msanifu majengo kijana, mtoto wa Pangani, amesimama Kibondo mbele ya nyumba ya wageni ya mtu binafsi, na mkononi ameshika mali ya uwanja wa Kasulu. Niliwaacha mkijiuliza kama atapiga kelele au atakimbia.

Alitapika. Na ningekuwapo ningemshikia kichwa.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza haraka haraka. Kombe la Maziwa linakuja. Nchi jirani zote za Maziwa Makuu zinaleta timu, na Kasulu imepewa heshima ya ufunguzi. Heshima ikataka uwanja. Uwanja ukataka mashamba ya maharage ya watu, na watu wenyewe wakaambiwa wajitolee kuyafukia. Wakajitolea. Wamebeba mawe kichwani mvua yote ya masika, na wao watakaokuja kutazama mpira wametengewa mteremko wa udongo usio na hata choo. Wageni wa heshima wamejengewa jukwaa lenye viti vya sponji na vyoo vya vigae vyeupe. Ptu! Nikiandika haya kalamu yenyewe inanuka.

Na juu ya jukwaa kuna paa. Paa hilo ndilo ndoto ya Tamimu. Limetokeza mbele kama mkono ulionyooshwa, bila nguzo hata moja ya kumziba mgeni macho. Lakini mkono una mishipa, na mishipa ya paa ni nondo zile za ncha nyekundu. Ziondoe, na zege ni uji uliokauka.

"Msanifu! Mbona umeinama hivyo? Una mimba?"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na haja ya kugeuka. Evaristi, mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, mtu pekee wilaya nzima aliyekataa kuitwa ndugu, alikuja akitafuna. Alikuwa anafuta mafuta ya mbuzi vidoleni kwa karatasi. Tamimu aliitambua karatasi ile. Ilikuwa pembe ya mchoro wake.

"Hizi nondo ni za uwanja," Tamimu alisema.

"Ni za wananchi. Na mimi si mwananchi?"

"Kwenye paa la Kasulu mliweka nini?"

"Zege," Evaristi alisema. "Fundi Bazilio akachomeka vipande viwili vitatu, na fito kidogo. Mbona limesimama? Linapendeza kuliko hata ulivyolichora."

"Limesimama juu ya miti! Mirunda ndiyo inayolishikilia! Kesho tukiikata, paa lote linashuka!"

Evaristi akaacha kutafuna.

Utadhani aliogopa. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa kuwa nina kawaida mbaya ya kuwadhania watu utu. Mwenyekiti alikuwa anafikiri tu. Alimeza, akajilamba meno, akauliza kwa upole:

"Mchoro una sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi. Likianguka watasema msanifu kijana alitaka kujionyesha, akasahau nguzo. Na likianguka leo, kabla ya wageni, nani atakwenda kuchambua nondo kwenye kifusi?"

Tamimu hakusubiri. Alikimbia posta kwenye simu, viatu vikimrushia matope. Alipofika mlangoni akakuta gari la kamati, lile Land Rover la rangi ya maziwa, limeshaegeshwa. Ndani, Evaristi alikuwa ameshika mkono wa simu, na bwana posta amesimama wima kama mwanafunzi.

"Bazilio? Unanisikia? Mirunda ikatwe leo." Evaristi alimkonyeza Tamimu. "Wewe usiingie chini, mpumbavu, nani amekwambia uingie? Wape shoka wale wanawake wakimbizi wa kwaya ya Kezia. Hao hata wakipotea nani atakuja kuwaulizia?"

"Bazilio!" Tamimu alipiga ukelele. "Bazilio, usi—"

Bega la mwenyekiti likamsukuma ukutani.

"Wakigoma, kata mwenyewe. Kaa nje ya kivuli cha paa, kata kutokea pembeni, upande wa vyoo. Usinipigie tena na usinisubiri. Kata tu."

Akaweka simu chini. Kisha akaupinda waya kwenye kiganja na kuung'oa ukutani, akamwambia bwana posta, "Simu yako imeharibika, ndugu." Bwana posta akaitikia kwamba ndiyo, imeharibika.

Land Rover ikaondoka. Tamimu alibaki barazani na tai yake shingoni.

Sasa nikueleze habari ya miti, maana humo ndimo roho za watu zilimokuwa.

Kamati ilipowaambia wananchi walete miti ya kushikilia zege la jukwaa, nyumba ya wakubwa, fundi wa Dar es Salaam au wa Tanga angeleta mikaratusi iliyokauka na kuisimamisha juu ya vipande vya mbao. Watu wa Kasulu hawakufanya hivyo. Waha, na ndugu zao waliovuka kutoka Burundi, mkubwa anapojenga boma jipya huchomeka mivumu mibichi, miti inayochipua upya ikichomekwa ardhini. Basi walileta mivumu, minene, mibichi, na kila mmoja wakaufukia mguu ardhini kama wigo. Bazilio hakuona ubaya, mawazo yake yote yakiwa kwenye kuiba. Zege likamwagwa. Mvua ikanyesha. Na mirunda ikaota majani.

Ndiyo, majani! Chini ya paa la kimataifa, mstari kwa mstari, mabichi kama mchicha.

Tamimu alipoyaona alishika kichwa. "Huu ni ushenzi," aliwaambia mbele ya watu wote. "Kombe la Maziwa haliwezi kuchezwa msituni." Akaagiza kwamba akirudi tu kutoka Kibondo, alikokwenda kukagua uwanja wa mazoezi, mirunda yote ikatwe. Akina mama wakamjibu kwamba mvumu ukishika kwenye boma jipya haukatwi. Ukishika, maana yake Mungu na waliolala wamekubali nyumba. Anayeukata anakata watu wa nyumba hiyo. Tamimu akacheka.

Leo hakuwa akicheka. Aliomba kwa Mola wake aliowaita washenzi wawe washenzi hasa, wakaidi, wasiosikia la mwalimu wala la kamati.

Gari pekee lililokuwa linakwenda Kasulu asubuhi ile lilikuwa lori la ngozi mbichi za ng'ombe. Dereva wake, Leonidasi wa Gwarama, hakuwa mtu wa kuombwa lifti kabla ya kusalimiwa.

"Mwakeye," alisema Leonidasi.

"Kaka, nina haraka, watu watakufa—"

"Mwakeye, mwana."

"Mwakeye! Mwakeye!"

"Nyumbani ni amani? Wazee? Ng'ombe?"

"Wote wazima, na ng'ombe! Nipeleke Kasulu!"

"Sasa panda. Mbele amekaa mke wangu. Panda nyuma."

Akapanda nyuma. Ngozi zilikuwa na nyama bado, na nzi, na maji ya rangi nisiyotaka kuitaja wakati labda unakula. Msanifu wetu aliyesoma Nairobi alilala juu yake kifudifudi, akishika kamba. Nasema kweli, harufu ile ilikuwa manukato ukilinganisha na alichokiacha posta.

Walivuka daraja la Malagarasi. Walikwama, wakasukuma, wakakwamuka. Walipofika Makere Tamimu aliinua kichwa, na damu ikamwisha. Land Rover ya rangi ya maziwa ilikuwa imeegeshwa mbele ya mgahawa.

Evaristi alikuwa anakula tena! Hakuwa na haraka hata kidogo. Alitaka afike baada ya paa kuanguka, leso mkononi, alie kuliko wafiwa.

Tamimu alijifunika ngozi usoni. Lori likapita.

Walipoingia Kasulu jua lilikuwa limeshapinda. Tamimu aliruka kabla lori halijasimama, akakatiza uwanja akinuka kama buchani. Paa lilikuwa limesimama! Majani yalikuwa yamesimama! Alitaka kucheka, lakini akaona kitu kilichomfanya apige yowe.

Chini ya paa, kwenye kila mti, alikuwa amekaa mwanamke, ameukumbatia.

"Tokeni! Tokeni humo!"

Hakuna aliyetikisika. Shoka zilikuwa zimetupwa kwenye majani, zote safi, hakuna iliyoonja mti. Mwanamke aliyekuwa kwenye mrunda wa katikati alimtazama juu mpaka chini. Huyu ndiye Kezia. Alivuka Manyovu mwaka wa sabini na mbili na watoto wawili mgongoni na mkononi, mumewe akabaki ng'ambo, na hakuna aliyemuuliza tena habari za mumewe. Sasa analima Muyama na kuongoza kwaya, na mivumu mingi iliyopo pale ilitoka kwenye wigo wake.

"Umekuja kukata?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kukuombeni msikate."

"Oya, leo unaomba? Juzi tulikuwa washenzi."

"Juzi nilikuwa mjinga." Tamimu alipiga magoti palepale kwenye matope. "Mama Kezia, hili si paa. Nondo zake zimejenga nyumba ya Evaristi Kibondo, nimezishika kwa mkono wangu. Kilicholishikilia ni miti yenu tu. Mngeukata huo ulioukumbatia, mngezikwa hapo hapo."

Mwanamke mmoja akaachia mti wake, akatoka nje taratibu, mikono kichwani. Wengine wakafuata. Kezia alitoka mwisho.

"Bazilio alitugawia shoka," alisema, "halafu akaenda kusimama kule mbali, juani. Nikajiuliza, huyu baba tangu lini anapenda jua? Mawe, mama yangu! Kumbe alijua."

"Alijua. Na aliyemtuma alijua. Alisema mkifa hakuna wa kuwaulizia."

Kezia hakulia. Alipanda ngazi mpaka kwenye kiti kikubwa cha katikati, cha sponji, kilichofunikwa nailoni kisipate vumbi. Akafunua nailoni, akakitemea mate, akaifunika tena vizuri.

"Sasa Bazilio yuko wapi?" Tamimu aliuliza aliposhuka.

"Tulipokataa alisonya, akachukua shoka moja, akazunguka huko nyuma. Sijui. Labda alikwenda kujisaidia kwenye vyoo vya vigae."

Tamimu angelifikiria neno hilo. Nakuapia, angelifikiria. Lakini honi zililia barabarani.

Magari yaliingia uwanjani yakifuatana, na yalikuwa na bendera. Wajumbe wa Kombe! Walitarajiwa kesho, lakini walikuwa wamevuka Manyovu mapema, wakakataa chai ya mjini, wakataka kuuona uwanja kwanza. Na mbele yao, ikiwaongoza, Land Rover ya rangi ya maziwa. Evaristi alikutana nao njia panda akiwa bado na ladha ya Makere mdomoni, na hakupata pa kuwakwepea.

Alishuka akitabasamu. Akaliona paa limesimama. Akaiona miti. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Alizungusha macho huku na huko akimtafuta Bazilio, hakumwona, akashusha pumzi. Alidhani fundi wake amewaogopa wanawake akakimbia.

Kezia alipowaona wageni alijifunika kitenge mpaka machoni. Kati yao walikuwamo watu wa kule alikokimbia, na hakujua nani ni nani.

Mkuu wa msafara, bwana mrefu wa viatu vyeupe, aliyatazama majani chini ya paa, mdomo wazi. Akaanza kusogea kuelekea jukwaani.

"Msiingie!" Tamimu alisimama mbele yake, mikono ameitanua, nzi wakimzunguka. "Paa hili halina nondo! Zimeibwa!"

Mkuu wa msafara na waliokuwa karibu naye hawakujua Kiswahili. Walimgeukia mwenyekiti awafafanulie.

Na mwenyekiti, aliyejifunzia Kifaransa Bujumbura alipokuwa akivusha kahawa za watu, alimkumbatia Tamimu begani kama mwanawe. Alisema maneno mengi, laini, akionyesha majani, akionyesha mbingu, akaweka mkono kifuani. Wageni wakapiga makofi. Bwana wa viatu vyeupe akaja kumpa Tamimu mkono, harufu na yote.

"Amesema nini?" Tamimu aliuliza, akili zimemruka.

Kezia alikuwa amewasikia wageni wawili wakiyarudia maneno yale kwa Kirundi. Alimnong'oneza kutoka ndani ya kitenge. "Amesema wewe umebuni nguzo zilizo hai, kwa heshima ya mila za watu wa huku. Kwamba duniani hakuna uwanja kama huu. Amesema unalia kwa furaha."

Msomaji, nimeandika hadithi za wauaji na za wachawi, na sijawahi kukereka hivi. Mtu ameiba, amepanga kuua, wamemkuta na kisu mkononi, naye anakiita kisu kijiko na watu wanashangilia!

Lakini mkuu wa msafara hakuwa mtu wa sifa tu. Alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akaunyooshea kidole mrunda wa katikati. Evaristi akatafsiri, na safari hii hakuwa na haja ya kusema uongo:

"Anasema zinapendeza zote, ila huo mmoja unakiziba kiti cha mgeni rasmi. Uondolewe. Sheria za Kombe."

Akainama akaokota shoka kwenye majani, akaliweka mikononi mwa Tamimu. Wageni waliona heshima. Hawakusikia mnong'ono.

"Mmoja tu, kijana. Mmoja haudhuru. Ukikata, wewe ni msanifu wa Kombe la Maziwa, jina lako litasomwa redioni. Usipokata, wewe ndiye mwizi wa nondo. Bazilio ataapa."

Tamimu aliinamisha kichwa. Ndipo akaona viatu vya Evaristi. Vilikuwa vimesimama ukingoni hasa, kivuli cha paa kikiwa mbele yake kidogo. Tangu afike hakuvuka mstari ule. Aliwakaribisha wageni kwa mkono, aliwasukuma kwa maneno, lakini mwenyewe aliota jua.

"Nitakata," Tamimu alisema kwa sauti. Akaweka shoka begani. "Lakini Mheshimiwa akakae kwanza pale katikati, ili nione kama mti unamziba."

"Mimi nimezoea kusimama."

"Kidogo tu, Mheshimiwa."

"Nimesema nimezoea kusimama!"

Wageni walitazamana. Sauti ile walielewa bila tafsiri.

Hapo Kezia akateremsha kitenge usoni.

Angesema wazi kwamba paa ni bovu, nani angemwamini mkimbizi mbele ya mwenyekiti? Alipita katikati ya akina mama, akasimama mbele ya watu wa nchi aliyoikimbia, akasema nao kwa Kirundi, wazi, akipiga makofi taratibu kama mtu anayekaribisha harusini. Alisema: wageni wetu, kwetu na kwenu ni mamoja, mtungi wa pombe haupewi mgeni kabla mwenyewe hajasogongera. Mwenye mtungi hunywa wa kwanza mbele ya macho ya wote, ili mgeni ajue hakuna sumu. Huyu ndiye mwenye nyumba hii. Mbona hataki kuonja?

"Asogongere!" akina mama wakaitikia. "Asogongere! Asogongere!"

Wajumbe wa Burundi na Rwanda waliangua kicheko. Mambo ya nyumbani haya! Mkuu wa msafara alifurahi mpaka akaonyesha kiti kwa mikono miwili, akimkaribisha mwenyekiti kwake mwenyewe.

Tamimu alimtazama Evaristi. Hesabu ya kijana ilikuwa nyepesi. Mwoga huyu atakataa. Atakataa mbele ya mataifa, na kukataa kwake kutasema kile ambacho hakiwezi kutafsiriwa vibaya.

Evaristi alilitazama paa. Akawatazama wageni. Akakumbuka, nadhani, nyumba yake ya Kibondo, na cheo alichoahidiwa baada ya Kombe, na jinsi watu wanavyomcheka mtu mzima aliyeogopa kiti. Tamaa ina ujasiri wake. Akajifuta shingo kwa leso aliyoiandaa kwa matanga, akavuka mstari wa kivuli.

Alipanda ngazi. Akafunua nailoni. Akakaa juu ya mate ya Kezia bila kujua.

Paa halikufanya kitu. Mivumu ilikuwa imelishika barabara. Evaristi alisikiliza kidogo, akanyoosha miguu, na tabasamu likapata mwenyewe tena.

"Umeona?" aliita. "Sasa kata, msanifu! Kata, kama una ubavu!"

Na hapo jambo likatokea ambalo Tamimu hakulitia hesabuni. Mwenye mtungi akishasogongera, mgeni naye hunywa. Ndiyo desturi. Mkuu wa msafara alitoa kofia, akapanda, akaketi kulia kwa mwenyekiti. Wa Rwanda akaketi kushoto. Wa Zaire, wa Zambia, makatibu, na mama mmoja mwenye kamera, wote wakapanda wakicheka, wakajaza viti vya sponji mpaka safu ya mwisho.

Msafara mzima wa Kombe la Maziwa ulikuwa chini ya paa la uji.

"Shukeni!" Tamimu alipaza sauti. "Mama Kezia, waambie kwa Kirundi, waambie washuke!"

Kezia alifungua kinywa. Lakini akina mama nyuma yake walikuwa wameshaona mwenye mtungi ameonja na wageni wamekaa, na kwao hapo wimbo huanza wenyewe. Kwaya ya Muyama ikapasua hewa kwa wimbo wa kumshukuru mwenyeji, vigelegele juu yake, na sauti ya Kezia ikazama kama jiwe kisimani. Wageni wakapiga makofi kufuata mdundo.

Ko!

Sauti ilitoka pembeni, upande wa vyoo, nyuma ya ukuta wa matete uliovikinga.

Ko! Ko!

Kwenye mrunda wa mwisho wa upande ule majani yalitikisika, na hapakuwa na upepo.

Tamimu aligeuka. Shoka lake lilikuwa bado begani.

Watu wote jukwaani walikuwa wakiitazama kwaya, isipokuwa mmoja. Evaristi, aliyekaa katikati kabisa ya paa, wageni wamembana kulia na kushoto, aliisikia sauti ile akaijua kabla ya mtu yeyote. Ndiye aliyeiagiza. Kata kutokea pembeni. Usinisubiri. Kata tu. Na nyuma ya matete fundi mtiifu, asiyeweza kuona nani amekaa wapi, alikuwa amengoja saa nzima wimbo uanze ili shoka lisisikike.

"Bazilio!" mwenyekiti alipiga yowe. "Bazilio, ni mimi! Mimi niko humu!"

Kwaya ilikuwa imefika kwenye kiitikio, pale wanapomwombea mwenyeji nyumba yake isimame milele. Kutoka juu, vumbi la zege likaanza kumwangukia Evaristi mapajani.